Bibi Harusi Anataka Afungwe Kamba

Kijiwe chetu kipo Bertrams, ubavuni mwa spaza, kiduka cha Mhabeshi: benchi lililong'olewa kwenye basi bovu, jiko la mkaa na birika. Kahawa nauza mimi, Tumu wa Tanga, darasa la saba, niliyeolewa mara tatu na kuachika mara tatu, maana kazi ya nusunusu siiwezi. Kwa sifa hizo mjukuu wangu Fauzia kaona ndimi wa kumfungisha harusi. Nikaha ilishasomwa mwezi uliopita. Hii ya Jumamosi ni sherehe ya mumewe, Steve, kijana wa hapahapa Joburg ambaye babu zake walikuwa Wakelti wa Uskoti. Kwa desturi yao maharusi wanashikana mikono, mkubwa wa familia anawafunga kamba. Kamba Fauzia kaisuka mwenyewe, nusu kanga ya marehemu mama yake, nusu kitambaa cha babu yake Steve, akaniachia, na jibu analitaka leo. Nikaomba ushauri kijiweni. Uzee kweli hauleti akili.

— Usikubali, Bibi, alianza Ishaka, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kusimama mahakamani, tena kizimbani. Bwana harusi anavaa sketi!

— Iko na mita munane, mama, akasema Théodore, fundi cherehani wa Lubumbashi, ndiye Sindano, aliyepewa kazi ya kuishona. Mapindo tu, mapindo! Na kitambaa iko miraba-miraba, sawa ile mifuko munaita shangazi kaja.

— Kila ukoo una miraba yake, n'nakwambieni, akadakia Ameir wa Unguja. Huyu ni Redio. Hana pa kuzimia. Maana yake, akaendelea, ile mifuko yote ya kituo cha basi cha Park Station ni ya ukoo mmoja. Tumebeba nembo ya watu miaka yote hatujui!

— Mwenye nguvu mpishe, akasema Wakili.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Itaingia baadaye.

— Na wewe Redio, unayecheka miraba ya sketi ya mwenzio, kiunoni umevaa nini?

Redio akajitazama.

— Hiki kikoi, Bibi. Hakina mapindo.

— Eish! Sindano akapiga paja.

— Ngojeni, ngojeni, Redio akasema, akiweka kikombe chini. Ngoma yao si ule mfuko wa ngozi wenye zumari? Zumari la wapi? La pwani! Wallahi hawa Waskoti ni Waswahili waliopotea njia. Wamefika kwenye baridi, wakaongeza mapindo kwenye kikoi!

— Basi mbuzi wa biriani ya Jumamosi ndiye huyohuyo, Wakili akasema. Nyama tunakula, ngozi tunapuliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Ya baadaye nayo? nikauliza.

— Hiyo ya sasa. Lakini Bibi, kufunga kwenyewe unajua?

Hapo alinigusa pabaya.

— Mimi? Miaka kumi na tisa nafunga mizigo ya basi la Dar. Hakuna askari wa mpakani aliyewahi kufungua fundo langu. Leteni mikono!

Nikamshikanisha Sindano na Redio, kulia kwa kulia. Nikazungusha kamba mara tatu, nikapitisha ncha chini, nikaweka mguu kwenye benchi, nikavuta kama navuta gunia. Wote wawili wakaguta. Wakili akapiga vigelegele. Nilijiona sheikh.

Ndipo akaja Murielle, msusi mgeni wa saluni ya mlango wa pili, na chupa yake ya kuchukulia kahawa.

— Bonjour, mama. Hawa wako na makosa gani?

— Hawana makosa. Wameoana.

Akainama, akaigusa kamba.

— Na sasa inafunguliwa namna gani?

Nikatafuta ncha, imemezwa na fundo. Mzigo wa basi haufunguliwi. Ukifika Dar mtu anashika kisu. Sindano, kwa mkono uliobaki, akapapasa mkasi mfukoni.

— Thubutu! Hiyo ni kanga ya mwanangu.

Tulijaribu meno, yangu machache na ya Wakili mengi. Tukajaribu kijiko, tukajaribu sabuni. Wakili akakumbuka ana shughuli Newtown, akasema haraka haraka haina baraka, akaondoka mbio. Kahawa ikaisha. Nikahesabu ndoa zangu: zote tatu nazo zilikatwa, hata moja haikufunguliwa.

Simu ikalia.

— Bibi, umeamua?

— Nimekubali, nikamwambia Fauzia. Ila njoo sasa hivi na hivyo vidole vyako vyembamba, unifundishe kufungua.

— Kwani kuna nini?

Nikawatazama benchini. Sindano anataka kurudi kwenye cherehani yake upande huu, Redio anataka choo upande ule.

— Kuna wawili nimewafungisha asubuhi. Wameshaanza kugombana.