Garland Hutchens wa Gari Namba 61

Mchungaji, wifi yangu Teresa, watoto, nanyi nyote mliofunga gereji zenu siku ya kazi mkaja kutusitiri, mimi ni Neva, mdogo wake marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita sauti yangu ndiyo iliyokuwa masikioni mwake.

Garland Roy Hutchens alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1956, Mount Airy, North Carolina, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu mzee Roy na marehemu mama Opal, na baba hakuwapo kwa sababu alikuwa akifunga injini, jambo ambalo mama alimkumbusha kila mwaka ifikapo tarehe hiyo.

Alisoma hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1974 kwa alama ambazo wifi ameniomba nisizitaje, akaingia gereji ya baba kunyoosha bodi na kuchomelea fremu. Baba alikuwa bingwa wa uwanja wa mbio za magari wa Laurel Gap mara tano kwa gari namba 61, na Mei 1976 akamkabidhi Garland namba hiyo. Watu wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka, Garland akashika mkia mbio tatu mfululizo, wakaacha kusema. Kwa miaka mitano aliitwa mtoto wa Roy tu, mpaka mwaka 1981 alipochukua ubingwa wake wa kwanza, na hadi anastaafu tarehe 20 Oktoba 2007 alikuwa ameshinda mbio 74, ingawa barabarani alikwenda kobe kobe hata mabasi ya shule yakampigia honi.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Teresa Cates katika kanisa hili, wakajaliwa Wade mwaka 1983 na Kendra mwaka 1986, ambao hawakuitaka namba 61, naye hakuwalazimisha, maana alijua uzito wake.

Sasa lipo jambo ambalo halimo kwenye karatasi, na mtanisamehe.

Wengi hapa mnajua kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya paa la jukwaa la watazamaji na redio ya kuzungumza na Garland, kwa sababu dereva aliyefungwa mikanda na kofia haoni kilicho ubavuni mwake, basi nikimwambia njia wazi, anahama bila kugeuka. Jumamosi, tarehe 16 Septemba 1989, alikuja tajiri mmoja mwenye timu ya mbio kubwa za Jumapili, akitafuta dereva, na ilipobaki mizunguko minane Garland alikuwa wa pili. Nikageuka kumtazama yule tajiri, nione kama anamwona kaka yangu, na nikiwa bado nimegeuka nikasema, "Njia wazi." Haikuwa wazi. Lyle Branscome wa namba 8 alikuwa ubavuni mwake, wakagusana, Garland akaenda ukutani, paja likavunjika mara mbili, na yule tajiri akachukua dereva mwingine.

Hospitalini baba alimuuliza kilichotokea, nami nimesimama mlangoni, na Garland akamjibu, "Redio ilikatika, Baba. Sikumsikia Neva." Baba akazitupa zile redio zote, na hadi anafariki mwaka 2004 hakuamini redio yoyote, hata ya jikoni. Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza miaka thelathini na minne, na Lyle akalaumiwa na watu bure.

Majira ya kuchipua yaliyofuata Garland alinikuta nimejificha nyuma ya lori la matairi, akanipa redio mpya, akasema, "Panda juu, Neva. Macho yangu ya nyuma ni wewe, sina mengine." Hatukulizungumza tena, na kila Jumamosi nilipomwambia njia wazi, alihama papo hapo, hakuwahi kusita hata mara moja, nami nililia juu ya lile paa zaidi ya mlivyowahi kujua.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akatibiwa Winston-Salem, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, akafariki nyumbani akiwa na umri wa miaka 67, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliojaza meza yetu maharage na mikate ya mahindi, mafundi wa Laurel Gap, na kwa namna ya pekee Lyle Branscome, ambaye amelibeba jeneza leo bila kujua bado kwamba nina deni la kumwomba msamaha.

Kaka, safari hii nimetazama mbele, nyuma na ubavuni, na sikugeuka kumtazama mtu. Njia wazi, Garland. Pumzika kwa amani.