Fundi Kiberiti na Uzi Alioushuku Miaka Saba

“Umeniuzia nailoni ukaiita kitani! Mimi si mtoto wa juzi!” Kwa maneno hayo marehemu, fundi wa ngozi ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Kiberiti, alimfokea Mama Vifungo dukani kwake mbele ya wateja, tarehe 11 Mei 2016. Mkononi alishika mkanda wa mkoba wa mkunga, uliokatika ukiwa begani mwa mwenyewe na kumwaga chupa zote barabarani. Mama Vifungo, aliyemuuzia uzi na sindano tangu wote wawili wakiwa na meno kamili, alimjibu, “Fundi, si uliuchoma mwenyewe hapa hapa kabla hujanunua?” Naye akamwambia, “Nilichoma wa juu. Wa ndani ulijua sitaufikia.” Marehemu aliagiza ugomvi huo usifichwe, na haufichwi. Lakini kwanza ielezwe alikotoka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa seremala, mama yake mshonaji wa mashuka ya hospitali. Mama alisimulia kwamba huyu, ukimpa kikombe cha maziwa, alikiangalia kikombe, akakuangalia wewe, akakiangalia kikombe tena, ndipo anywe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu alizipenda, walimu hakuwaamini. Siku moja aliipima rula ya ubaoni kwa rula yake mwenyewe, akatangaza darasa zima likisikia kwamba ya mwalimu imepungua nusu sentimita. Alichapwa. Ilipotazamwa vizuri, kweli ncha ilikuwa imelika. Hapo ndipo alipoharibika, maana tangu siku hiyo aliamini kwamba kila anachokishuku lazima kina walakini.

Mwaka 1972 mjomba wake, mtengeneza mikanda, alimchukua kumfundisha kazi. Miaka miwili ya kwanza hakuruhusiwa kugusa ngozi. Kazi yake ilikuwa kuchagua uzi tu. Alijifunza kwamba uzi wa pamba hushoneka kwa raha lakini huoza kwa jasho, kwamba nailoni haiozi lakini fundo lake huteleza na ngozi laini huikata kama wembe, na kwamba uzi mnene kupita tundu lake huichana ngozi. Aliyempenda ni kitani kilichopakwa nta, na hata huyo hakumpenda kabla ya kumhoji. Aliuma uzi, akausokotoa kinyume, akauvuta karibu na sikio, kisha akawasha kiberiti. Kitani huungua kikaacha majivu laini. Nailoni hujikunja ikawa punje ngumu. Jina lake likatoka hapo. Mwaka 1981 alifungua chumba chake cha kazi, chenye mlango wa bluu, kando ya ghala la mbao, na humo alishona kwa mkono, sindano mbili katika uzi mmoja, mabegi, pochi na mikanda ambayo mingine iko viunoni mwenu leo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, baba mkwe alimwonyesha kwa mbwembwe kiti cha ngozi alichokinunua kwa bei ya kuumiza. Marehemu aliinama, akachomoa kipande cha uzi chini ya kiti, akawasha kiberiti sebuleni kwa watu.

“Baba, umepigwa,” akasema. “Hii nailoni.”

“Wewe kijana, umekuja kuoa au kukagua?”

“Kuoa, baba. Ila kiti hiki kitakuangusha.”

Kilimwangusha mwezi uliofuata, na mke akatolewa bila maneno mengi. Walijaliwa watoto watatu. Mkewe ndiye mtu pekee aliyeachiwa ufunguo wa mlango wa bluu, na kwa waliomjua marehemu, hilo lilikuwa pendo kubwa kuliko mashairi.

Sasa ule mkanda. Kwa miaka thelathini na mitano hakuna mshono wake uliowahi kumrudia. Aibu ile akaipeleka kwa mwingine. Alipita kwa washona viatu, kwa watengeneza mabegi, kwa kila mwenye sindano, akawaambia uzi wa Mama Vifungo una nailoni tumboni. Wakaacha kununua kwake. Kabla ya mwaka kuisha mama huyo alikuwa ameondoa rafu zote za uzi, akapangisha nusu ya duka, akabaki na vifungo na zipu.

Mke wa marehemu hakunyamaza. Alimwambia, “Baba watoto, hebu tazama ncha hizi. Si wewe uliyenifundisha kwamba uzi mbovu hukatika na manyoya? Huu umekatika safi.”

“Yule mama amekulipa nini?”

“Nimelipwa wewe, na nimepunjwa!”

Mkanda ukawekwa kwenye kopo la biskuti, ukaitwa ushahidi. Kuutazama vizuri hakuweza, kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia na wauza miwani nao hakuwaamini.

Agosti 2022 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 3 Septemba alifanyiwa upasuaji. Alipozinduka hakuuliza kama atapona. Alimuuliza daktari, “Umenishona kwa uzi gani?” Daktari akamwambia ni ule unaoyeyuka wenyewe. “Unayeyuka,” marehemu akasema, “na wewe ukaununua?” Nyumbani aligoma kumeza dawa yoyote ambayo hakuweza kusoma maandishi yake, na kwa ajili hiyo tu, Januari 2023, alikubali kupimwa macho na kuvaa miwani. Alisoma vibandiko vya dawa vyote. Kisha akaomba kopo.

Aliukagua mkanda asubuhi nzima. Kila uzi ulikuwa umekatika mkato mmoja, safi, ndani ya tundu. Akakumbuka kwamba mwezi ule alioushona alikuwa ameunoa msharasi, kile chuma chake cha kutobolea ngozi, kingo zote, mpaka ukawa unanyoa nywele za mkono. Kila alipotoboa tundu jipya aliligusa lililotangulia, akaujeruhi uzi aliokwisha kuulaza humo kwa mikono yake. Siku ya tatu akasema, “Mniitie Mama Vifungo.”

Mama alikuja, akakaa na mkoba mapajani, chai hakuigusa. “Umeniitia nini? Umeona nailoni nyingine?”

“Uzi wako ulikuwa kitani mpaka ndani. Niliukata mimi kwa msharasi.”

“Unasema hivyo kwa kuwa unaumwa?”

“Nasema kwa kuwa nimevaa miwani.”

“Mimi nilikuwa najua,” akasema Mama Vifungo. “Waambie uliowaambia.”

Alijaribu. Alifika kwa mshona viatu wa jirani, mmoja tu, akarudishwa akiwa ameshikwa kwapa, na hakuinuka tena. Alifariki nyumbani tarehe 22 Aprili 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili.

Mafundi mliopo, marehemu aliagiza mwambiwe hivi: uzi wa Mama Vifungo ulikuwa kitani halisi, kosa lilikuwa la mkono wake, na alimchafulia jina bure. Mama huyo alionyeshwa maneno haya kabla hayajapelekwa kuchapwa. Aliyasoma mara mbili, kidole kikipita chini ya kila mstari, akauliza kama msomaji ana sauti ya kuwafikia watakaokaa nyuma. Akahakikishiwa kwamba anayo.

“Basi simdai,” akasema.

Fundi wetu na alale kwa utulivu.