Boti Iliyoitwa Esta: Maisha ya Sosthenes Yotamu Kikoti

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa hapa Ilula na wageni mliotoka Iyunga na kule ziwani, kamwene. Mimi ni Frida, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu kaka zangu wengine wanasingizia mafua tangu juzi.

Marehemu kaka yetu Sosthenes Yotamu Kikoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapahapa Ilula, mtoto wa kwanza wa mzee Yotamu Kikoti na mama yetu Esta, muuza nyanya wa barabarani, ambaye wengi wenu mlikula nyanya zake na wachache mlijaribu kumpunja mkashindwa. Alisoma shule ya msingi hapa kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari Iringa mjini hadi 1979, na mwaka 1981 akaingia jeshini, akafundishwa ufundi wa injini, kisha akapangiwa kikosi cha majini, yeye ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mtoni wakati wa masika.

Mwaka 1988 alihamishiwa Ziwa Nyasa, kwenye boti ya doria iliyokuwa na namba tu ubavuni, boti ya kuzimika kila mara, na wanamaji wake walikuwa wamekata tamaa, kila mmoja anaomba uhamisho, hakuna anayeiosha kwa moyo, na wanaitukana hata kabla haijawashwa. Kaka aliitengeneza, lakini akaona kwamba injini imepona na watu hawajapona, ndipo akawaambia wenzake kuwa kwetu nyumbani mtoto akilialia bila ugonjwa wazee husema anadai jina, basi na hii boti ipewe lake. Meli kubwa hupewa jina kwa amri na kwa sherehe, hii ndogo haikuwa na bahati hiyo, kwa hiyo mkuu wao aliruhusu jina la ndani tu, lisiloonekana nje, na mwezi Juni 1990 kaka akaandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa chumba cha injini: ESTA.

Wanamaji wakaanza kusema shikamoo mama kila wakipanda, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea, na matusi yakaisha yenyewe, kwani nani mwenye malezi atatukana mbele ya mama, sakafu ikang'aa, na maombi ya uhamisho yakakoma. Ila kaka alikosea jambo moja. Kwetu mtoto hurithishwa jina la mtu aliyekwisha kufariki, na mama yetu alikuwa hai, mzima wa afya, yuko barabarani anauza nyanya.

Agosti mwaka huohuo Jailos, mwanamaji mwenzake, akienda likizo, alishuka kwenye basi hapa Ilula, akamsalimia mama na kumweleza kwa furaha kwamba kule ziwani wanalala salama ndani ya Esta. Mama alifunga meza mchana kweupe, akanishika mkono, tukapanda basi la Mbeya. Tulipofika Chimala alisema neno moja tu, kwamba mwanawe amemzika bila kumpa taarifa. Hata hivyo alikuwa amebeba tenga la nyanya, maana hasira siyo sababu ya kwenda ugenini mikono mitupu.

Nawaambieni kweli, alipotuona tumefika kule ziwani, kaka aliogopa. Mama alimtaka afute jina lile siku hiyohiyo, la sivyo asimwite mama tena, na vijana wa watu walikuwa wamesimama pale gatini wamenywea, wakijua likifutwa watarudi kwenye boti ya namba. Kaka hakubishana, alichukua brashi na kopo la rangi, akamwomba tu aingie aone kabla hajafuta. Mama akaingia, akasimama karibu na ule mlango, vijana wakapanda nyuma yake mmoja mmoja, wakiugusa mlango na kusema shikamoo mama kama walivyozoea, na mama, mwanamke aliyelelewa vizuri, akajikuta anaitikia marahaba, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Kisha akamwambia kaka aweke brashi chini, kwa sababu salamu ukishaiitikia huwezi kusema haikuwa yako. Jioni aliwapikia samaki kwa nyanya zake, akampa kaka sharti moja, asikubali jina lake mwenyewe liandikwe popote akiwa hai, kwa kuwa mtu hai anaitwa, haandikwi. Tangu hapo alikuwa akiwatumia tenga la nyanya kila msimu, hadi alipofariki mwaka 2011.

Tarehe 12 Desemba 1992 kaka alifunga ndoa na wifi yangu Eveline wa Tukuyu, wakajaliwa watoto watatu, Gwakisa, Devota na Anord. Alistaafu mwaka 2013, boti nayo ikastaafishwa mwaka huo, akaomba ule mlango, akautundika kwenye gereji yake Iyunga, Mbeya, na wifi akalalamika miaka yote kwamba hawezi hata kuchelewesha chai ya mafundi bila mkwe kumwona.

Mwaka 2022 alianza kuugua figo. Mwaka mmoja kabla ya hapo wanamaji vijana waliokuwa wamepata boti mpya walikuja Iyunga kumwomba jina lake, akawakatalia, akasema ana mdomo, wamwite ataitika. Walirudi tena akiwa kitandani, akakataa tena. Alifariki tarehe 9 Februari 2025 huko Mbeya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Iyunga waliolala nasi msibani, mafundi wa gereji, na ninyi wanamaji, ambao jana jioni mmetuambia kwamba mkuu wenu ameridhia, na kwamba juu ya mlango wa chumba cha injini wa ile boti mpya sasa pameandikwa SOSTHENES. Sharti la mama limetimia, hatuna kinyongo. Mkipanda kesho msalimieni, na msiitukane ile boti, anasikia.

Shikamoo, kaka. Leo sitasubiri marahaba yako. Pumzika kwa amani.