Maisha ya Mama Shahidi, Mpimaji wa Dawa Zinazojiharibu

Marehemu, ambaye kazini karibu kila mtu alimwita Mama Shahidi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake wa kiume alimfuata baada ya miaka sita. Marehemu alimbeba mgongoni mno, hata wapita njia wakamsema mama yao kwa kumwachia mtoto kulea mtoto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Akiwa darasa la tano alificha vikombe viwili vya maziwa, kimoja juani, kingine kivulini, akawa anaonja kila saa ili ajue ni lini hasa yanaharibika. Alilala siku mbili akiumwa tumbo, lakini daftari lilijaa. Kutoka hapo hakuna aliyeshangaa alipochukua kemia chuo kikuu, akahitimu mwaka 1982.

Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya ubora wa dawa, chumba cha pili kushoto, chenye dirisha lisilofunguka. Kazi yake ilikuwa kutafuta protini zilizobadilika zenyewe. Alikuwa akiwaeleza wageni kwamba protini ikikaa ndani ya chupa, bila kuguswa na mtu, huzeeka: kipande kidogo chake hugeuka, na jicho halioni kitu. Ili kukiona, aliikatakata protini kwa kimeng'enya, akavitenganisha vipande, kisha akavipima uzito kwa mashine. Kilichogeuka huzidi uzito kidogo sana. Kwa hicho kidogo alikuwa na uwezo wa kuikataa shehena nzima.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1985 na fundi majokofu. "Nilikwenda kutengeneza friji ya maabara," mzee husimulia, "nikaambiwa nivue viatu, ninawe mikono, na nisipige chafya. Nikasema huyu ndiye." Walijaliwa binti mmoja.

Mdogo wake, fundi redio, aligundulika na kisukari akiwa na miaka kumi na tisa. Dada mtu ndiye aliyemfundisha kujichoma sindano ya insulini. Baadaye alioa, na mkewe na marehemu wakaelewana kama watu waliozaliwa tumbo moja. Jumapili hazikupita bila wifi hao wawili kuonana.

Yanayofuata, ya mwaka 2001, marehemu aliyaandika mwenyewe na kuagiza yasomwe yote. Alisema msipoyasoma, mtakuwa mnamzika mtu mwingine.

Tarehe 21 Juni 2001 aliipima shehena ya insulini, akakuta imegeuka kupita kiasi. Akaikataa, ikachomwa moto. Hospitali ziliishiwa dawa kwa wiki sita. Mdogo wake alipunguza dozi, kisha akakosa kabisa, akafariki tarehe 30 Julai. Marehemu alilia sana, lakini alijua kwamba ameikataa dawa mbovu, na hilo lilimshikilia.

Septemba ikaja insulini mpya, ya kiwanda kingine, ingali ya baridi kutoka safarini. Akaipima. Ikatoa kasoro ileile, kwa kiwango kilekile. Siku zote alikuwa akiiacha protini usiku kucha kwenye joto pamoja na kimeng'enya, ili ikatike vizuri. Safari hii aliiacha nusu ya muda, na kasoro ikapungua kwa nusu. Dawa haikuwa imegeuka chupani. Ilikuwa ikigeukia mezani pake. Mwezi Juni hakuwa amepima pembeni sampuli mpya ya kulinganishia, ambayo ingemwonyesha kasoro ileile, kwa kuwa kimeng'enya kilikuwa adimu naye akakibania.

Akampelekea mkuu wa maabara barua.

"Shehena imeshachomwa, mama," mkuu akamwambia. "Sasa unafukua nini?"

"Hii nyingine iko mezani," akajibu. "Nikinyamaza, nayo itachomwa."

Shehena ile ilipita. Yeye alipewa onyo la maandishi, akahamishiwa kuosha vyombo kwa miezi kumi na minne. Aliporudishwa, hakuna kijana aliyepeleka matokeo kwake bila kuulizwa, "Shahidi wako yuko wapi?" maana yake ile sampuli mpya ya kulinganishia. Ndipo likazaliwa jina lake, na kwa kweli alikuwa msumbufu. Vijana walimkimbia kwenye korido.

Siku aliyoandika barua ile alikwenda pia kwa wifi yake. Hakuketi. "Wifi, dawa ilikuwa nzima. Ni mimi niliyekosea."

Wifi alishika kitasa. "Umekuja kuniambia hivyo ili wewe upate usingizi?" Akafunga mlango. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Kila tarehe 30 Julai marehemu alituma salamu, na hazikujibiwa hata mara moja. Iliuma, na aliona ni haki yake iume.

Alistaafu mwaka 2018. Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa. Hata wodini alimbana mpimaji aliyemtoa damu aeleze imekaa juani dakika ngapi. Miezi ya mwisho aliuliza kila jioni kama kuna mgeni aliyekuja akiwa amelala. Alifariki tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi. Mgeni aliyemngoja hakuwa amefika.

Ameacha mume, binti yake anayesoma maneno haya, mkwe na wajukuu watatu. Ameacha pia wifi mmoja. Juzi, ratiba hii ya mazishi ikiwa imeshapelekwa kuchapishwa, wifi huyo alipiga simu akauliza kama yumo kwenye orodha ya wafiwa. Akaambiwa hayumo.

"Niwekeni," akasema.

Amewekwa. Marehemu na apumzike sasa, kwa ile amani aliyojinyima mwenyewe.