Injini ya Orval Stidham

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Nanyi mlio kwenye usukani, endesheni taratibu, tutafika pamoja.

Leo tunamkumbuka Orval Stidham, dereva wa malori wa hapa hapa West Plains, Missouri. Alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Wengi mnamjua kwa albamu yake ya kwanza ya muziki wa kantri, *Nipo Njiani*. Ya kwanza, na ndiyo hiyo hiyo ya mwisho.

Orval alibeba ng'ombe miaka thelathini, kutoka huku kwetu hadi machinjio ya Kansas na Nebraska. Humo garini aliimba. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukigonga kikombe cha kahawa. Aliimba alichokiona: tairi lililopasuka, barafu darajani, pai ya pichi iliyolala mgahawani, fahali aliyekataa kushuka.

Mkewe, Maydene, hakulipenda lile lori. Alisema waziwazi, hata mbele ya mchungaji: "Mimi nina mke mwenza. Ana magurudumu kumi na manane, na anamwona mume wangu zaidi kuliko mimi."

Orval akacheka. "Lakini hajui kupika, bibie."

"Basi akufulie soksi!"

Majira fulani ya baridi theluji ilifunga barabara. Madereva wakakwama, kila mtu ndani ya lori lake, na Orval akawaimbia kwa ile redio yao ya kuzungumzia barabarani. Mmoja wao alikuwa na shemeji mwenye studio kule Springfield, jina lake Coy Pruett. Coy akasimuliwa, akamwita Orval. Akampa siku moja tu ya kurekodi: ikishindikana, basi.

Orval alimwambia Maydene, "Nataka nawe usikie ninachokifanya huko miaka yote hii." Hilo tu ndilo alilolitaka.

Studio ilikuwa imefunikwa kuta zote kwa sponji za kuzuia sauti, kimya kama kaburi. Orval akafungua kinywa. Sauti ikatoka pembeni ya muziki. Akarudia, ikawa mbaya zaidi. Twyla, mpiga fidla, akauliza, "Mzee, huo wimbo umeuangusha wapi? Turudi tukauokote?"

Coy hakucheka. "Nenda kapumzike, bwana. Halafu tutaona kama kuna haja."

Orval akatoka amejiinamia. Akapanda lori lake, akawasha injini apate joto, na bila kuwaza akaimba. Twyla alikuwa nje anavuta sigara. Sigara ikamwanguka.

"Coy! Toka huku! Sauti yake anaichukua kwenye injini!"

Na ilikuwa kweli, wasikilizaji. Miaka thelathini injini ndiyo iliyompa mahali pa kuanzia. Ikinyamaza, amepotea.

"Tukirekodi humo, ngurumo hiyo siwezi kuitoa," Coy akasema.

"Usiitoe," Orval akajibu.

"Redio gani itapiga hiyo?"

"Basi nitakuwa nimeimba, Coy. Kule ndani siimbi, nabweka."

Wakavuta nyaya hadi kwenye lori. Twyla akakaza nyuzi za fidla yake kufuata injini, akakaa kiti cha abiria, magoti yamebana dashibodi. Wakarekodi nyimbo zote hivyo. Ule wa mwisho ulipoisha, Orval akafanya alichozoea kila safari ikiisha: akazima injini, akafungua mlango, akashuka. Viatu vikasikika juu ya kokoto.

"Hicho kipande nakikata," Coy akasema.

"Thubutu!" Twyla akamkatiza. "Wimbo unaishia hapo. Muulize mke wa dereva yeyote."

Binti yao, Janelle, alikuwepo siku baba yake alipoileta albamu nyumbani. Anasimulia hivi: "Injini iliposikika tu, Mama akaweka kijiko chini. Akasema, 'Orval, umeniletea mke mwenza mpaka jikoni!' Akatugeuzia mgongo, akaendelea kukoroga mchuzi. Nyimbo zikapita zote, hakugeuka. Baba akawa anatazama meza. Mwishoni injini ikazimika. Mlango. Viatu. Mama akanyoosha mkono kabatini, akashusha sahani, akageukia mlangoni. Na Baba yupo pale pale, ameketi mezani! Mama alipojigundua akacheka mpaka akalia. Akasema, 'Rudisha hapo. Hapo tu.'"

Redio zilizoipiga zilikuwa chache. Madereva waliinunua, wakaipeleka kwa wake zao.

Jumamosi, kanisani kwenye maziko yake, Maydene hakutaka upigwe wimbo wowote. Alitaka kile kipande cha mwisho tu. Kikapigwa.

Maydene, Janelle, na ukoo mzima wa Stidham: poleni sana. Mungu awashike mkono. Na sisi tuliobaki tujiulize, kila mmoja kwa nafsi yake: nani ametega sikio akitungoja, na tumemzoesha kungoja kiasi gani?

Sasa nawapigieni kipande hicho. Ninyi mlio barabarani hamtakisikia, ngurumo zenu zitakifunika. Kwa hiyo tafuteni mahali pazuri, egesheni. Tutawangoja.

Zimeni injini.

Haya. Sikilizeni, anafika nyumbani.