Kiti Kimefungwa, Mtoto Hajafika

Benchi letu liko nje ya supamaketi moja hapa Llanelli, mji wa Wales, kati ya matoroli na mlango unaojifungua wenyewe, na sisi wastaafu tumelimiliki kiasi kwamba mgeni akilikalia tunamsalimia kwa sauti ya kumfukuza. Huku mtu hubandikwa kazi yake nyuma ya jina mpaka kufa. Wyn aliyegawa maziwa ni Wyn Maziwa, Ifor aliyeendesha gari la maiti ni Ifor Mazishi, na mimi ni Teksi tu, jina langu la kwanza walishalisahau. Glenys ndiye pekee asiye na jina la kazi, kwa sababu hakuna anayethubutu. Jumamosi moja yeye ndiye aliyekuwa mashakani. Mwezi wa tatu mlango wa gari lake uligonga gari lililoegeshwa kando, ukarudi, ukambana kidole mjukuu wake Osian. Carys, mke wa mwanawe, akasema mtoto hapandi tena gari la bibi. Siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amelegea: angemleta mtoto hapa, bibi aondoke naye kwa mchana mmoja. Kwa hiyo Glenys alikuja mapema, akaegesha kwenye nafasi ya mzazi na mtoto, zile pana za karibu na mlango walizotengewa wenye watoto wadogo. Shida ni kwamba mtoto alikuwa hajafika.

— Mama mmoja kapita hapo na mapacha wake, alisema Glenys akimimina chai ya chupa. Kachungulia ndani ya gari langu, halafu kanitazama mpaka nikajiona mwizi.

— Alikuwa anatafuta mtoto, alisema Ifor.

— Mtoto anakuja. Nauliza tu, ruhusa inahesabiwa wakati wa kuingia au wakati wa kutoka?

Nakiri swali lile lilinifurahisha. Miaka yote tumekaa pale tukihukumu magari ya watu, hakuna aliyewahi kuliuliza.

— Wakati wa kuingia, nilisema. Kama abiria hayumo, gari ni tupu.

— Teksi, usituletee mambo ya teksi, alisema Wyn. Glenys, kiti cha mtoto umekifunga?

— Nimekivuta mpaka mgongo umelia.

— Basi umemaliza. Mimi nilikuwa naacha maziwa mlangoni watu bado wanakoroma. Kuna aliyesema hayajafika?

— Maziwa yako yalikuwepo, Wyn, nilisema. Mtoto hayupo.

— Yuko njiani.

— Kama kuwa njiani kunatosha, alisema Ifor, basi mjamzito naye aegeshe pale.

— Aegeshe. Nani kamkataza?

— Na bi harusi?

— Inategemea. Bwana harusi unamjua?

Glenys alicheka, lakini jicho lake halikutoka kwenye gari. Ifor akajiweka sawa. Tulijua kinakuja kitu.

— Mimi nimewahi kuegesha pale na gari la maiti. Bibi wa miaka tisini nyuma, binti yake mbele pamoja nami, kakumbuka hana leso. Meneja akatoka mbio. Nikamwambia, soma kibao chako, bwana. Mzazi yumo, mtoto yumo.

— Muongo wewe.

— Aliniomba radhi.

— Kibao hakitaji umri, hilo ni kweli, nilisema.

— Wala hakisemi mtoto awe wa nani, alisema Wyn. Kwa hiyo mtu akimwazima wa jirani...

— Hebu nyamazeni, alisema Glenys. Nyie mnacheza. Carys akikuta nimeegesha kama wale vijana wasio na haya, atasema sijabadilika. Nikihamia zile nyembamba, mlango utagonga tena, na huyo mtoto sitapewa tena. Nibaki au nitoke?

Hakuna aliyecheka. Glenys ninayemjua hubishana na askari wa barabarani akashinda, na kumwona akituomba ushauri sisi wapuuzi kuliniuma. Tukajibu kwa pamoja, tena kwa uhakika wa watu wasio na cha kupoteza.

— Baki.

Carys alitokea upande wa mapipa ya chupa tupu, mwisho kabisa wa maegesho, akiwa amempakata Osian. Nywele zilikuwa zimemwagika usoni na ubavu wa koti lake ulikuwa na tope la gari la mtu mwingine.

— Nimewachelewesha, alisema. Nimezunguka weee, zile pana zimejaa. Nimejibana kule kwenye mapipa, mlango haufunguki, nikamtoa huyu kwa kupitia buti.

— Pole, mwanangu, alisema Glenys akisimama. Lakini usiwe na wasiwasi wowote. Mimi moja nimeishika tangu asubuhi. Ile pale. Mlango unafunguka wote.

Carys alilitazama lile gari, akakitazama kile kiti kilichofungwa vizuri, akatugeukia na sisi wenye vikombe mkononi.

— Na mimi niliyekuja naye, Mam, nilitakiwa niegeshe wapi?

Wyn akayatazama matoroli. Ifor akakohoa kikohozi ambacho hakikuwepo. Asubuhi nzima tulikuwa tumemtetea mtoto wa kuondoka na bibi, mtoto ambaye hajazaliwa na hata binti wa marehemu, lakini wa kuja na mama yake hatukumfikiria hata kidogo. Niliona aibu.

Glenys alikuwa tayari anapekua mkoba kutafuta funguo.

— Nalitoa sasa hivi. Nalitoa, uingize lako.

— Gari liache, Mam. Shika mtoto, nikalete begi lake.