Programu ya Dobi Iliyogawanywa Kama Mkate

Benchi la pale kona lina miguu mitatu na tofali, na wakaaji wake wanajuana. Yupo Mkasi, kinyozi ambaye wateja humfuata hapo hapo. Yupo Profesa, fundi redio ambaye shule aliipita kwa nje tu. Yupo Bi Buli mwenye kahawa, na Mzee Pasi, dobi, ambaye duka lake linatazamana na benchi. Asubuhi hiyo Mzee Pasi alikuja kukaa mapema, uso umemshuka. Kule dukani alikuwa amewaacha wanawe wawili, binti na mdogo wake wa kiume, wamepeana migongo, kila mmoja na kompyuta yake. Wote wanajua kutengeneza programu, kila mmoja anataka duka litumie ya kwake, na wote hawajasemeshana tangu mwezi uliopita. Na kununiana kwa watu wa tumbo moja mnakujua: hakuna matusi, kuna kufunga droo kwa nguvu.

— Leo wamesemaje? — Bi Buli akauliza huku anamimina.

— Wale hawasemi, wanasema kupitia kwangu. Binti ananiambia, baba, mwambie huyo aondoe mguu kwenye waya wangu. Na huyo yupo hapo hapo, mguu wake anauona.

— Lakini wanagombea nini hasa? — Mkasi akadakia. — Mimi nilisikia ni mchumba wa mtu.

— Mchumba wapi. Wanagombea fremuweki.

Mkasi akamgeukia Profesa. Profesa akakohoa kidogo. Jibu halijawahi kumpungukia, hata pale ambapo mjuzi mwenyewe angelikosa.

— Fremuweki ni mifupa ya programu. Watu wengine huko wameshaichonga, wewe unaichukua, unabandika nyama yako: duka, bohari, hospitali, upendavyo.

— Ndivyo asemavyo binti, — Mzee Pasi akasema. — Anasema, kwa nini nichonge mlango na milango imejaa? Mdogo wake anasema halali kwenye nyumba asiyoijua nani kaipigilia misumari. Yeye anaandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kuanzia sifuri.

— Kijana yuko sawa, — Mkasi akasema. — Hao wenye mifupa wakiamka vibaya wakabadilisha goti, programu yako inachechemea na wewe huna habari.

— Na huyo wa sifuri akiugua, nani ataisoma kazi yake? — Profesa akamuuliza.

— Si mama yake yupo.

— Mama yake hata mwandiko wake wa kawaida hawezi kuusoma, — Mzee Pasi akasema.

Profesa akajisogeza, maana sasa kahawa ilikuwa imempanda.

— Nikwambieni kitu. Ile mifupa haisahau. Kama aliyeichonga alikuwa anachongea benki, ukaileta kwa dobi, iko siku itamdai mteja dhamana ya suruali.

— Imeshaanza, — Mzee Pasi akasema. — Jana imemkataa mteja kwa kukosa jina la ukoo. Mama Pacha huyo, mtaa mzima unamjua. Tukaandika jina Mama, ukoo Pacha, ndipo ikatulia.

— Ya kijana nayo msiiamini, — Mkasi akasema, ameshasahau alikuwa upande gani. — Kitu kilichotoka sifuri hakina adabu. Mtaamka siku moja mkute kimefungua udobi wake upande wa pili wa barabara.

— Sasa wewe baba mtu umechagua ipi? — Bi Buli akauliza.

Mzee Pasi akakizungusha kikombe mkononi.

— Nimegawa. Dada mtu kachukua wateja, mdogo wake kachukua nguo. Wakiwa wadogo nilikuwa nawakatia mkate nusu kwa nusu, ugomvi unaisha. Tumeanza kuitumia jana.

— Hapo umecheza, baba, — Profesa akasema, na Mkasi akaitikia kwa kichwa.

Hawajamaliza kumsifu, akatokea mama mmoja, nywele zimesukwa nusu, nusu zimesimama.

— Dobi yuko wapi? Nimefuata suti ya mwanangu. Anaoa leo mchana.

Mzee Pasi akaingia naye. Benchi zima likawafuata hadi mlangoni, vikombe mkononi. Ukutani zilining'inia suti nyeusi safu nzima, zote ndani ya nailoni, zote kama zimezaliwa pamoja. Zamani Mzee Pasi alikuwa akifunga kitambaa cha alama kwenye nguo za kila mteja. Wanawe walimkataza, eti mambo ya kale.

— Ya mwanangu ni ipi? — mama akauliza.

Binti akatazama kompyuta yake. Ilimjua mama huyo kwa jina, simu, hata mtaa. Mdogo wake akatazama ya kwake. Iliijua kila suti, ndoano yake na doa lake. Ila hapakuwa na mahali mteja ameshikana na nguo yake, kwa sababu kuuliza hilo kulitaka mmoja wao afungue mdomo. Profesa akaanza kukagua dari.

— Baba, — binti akasema, — mwambie huyo...

— Simwambii. Mimi si waya.



— Jamani, — mama akasema, — mwanangu aoe na kaptura?

Kijana akauambia ukuta:

— Huyu mama alikuja saa ngapi jana?

— Unamuuliza nani? — dada yake akasema.

— Nakuuliza wewe.

Binti akasogeza kidole kwenye kioo.

— Saa nne na robo.

— Saa nne na robo niliingiza suti moja, ndoano ya tisa. Kifungo cha mkono hakipo.

— Ndiyo hiyo, — mama akasema. — Alikikata siku ya kujitambulisha kwa wakwe, kwa woga.

Suti ikashushwa, mama akaondoka mbio. Mlango haujafunga vizuri, dada mtu akaanza.

— Si ungeniomba namba ya mteja tangu mwanzo?

— Nikuombe wewe? Wewe uliyesema nachimba kisima kwa kijiko?

— Na bado nasema.

— Na mifupa yako ya kuazima je?

Sauti zikafika barabarani. Mkasi akaweka kikombe chini, akataka kuingia kuamua ugomvi. Mzee Pasi akamshika shati.

— Tulia, bwana. Waache. Mwezi mzima nazisubiri kelele hizo.